Hivi michoro ya mfumo kwenye nyaraka huwa inasomwa na nani?

#1 MtuWaMakumbusho

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia ofisi mpya hapa Kijitonyama, huu mwezi wa pili. Siku ya kwanza nikakabidhiwa PDF ya kurasa 86, "soma hii kwanza ndipo tukupe kazi". Ukurasa wa 9 una mchoro wa mfumo mzima. Visanduku 31, nimevihesabu. Maandishi ya ndani hayasomeki hata ukuze mpaka mwisho, maana ni skrinishoti iliyobandikwa kwenye Word, kisha Word ikageuzwa PDF. Kuna kisanduku kimeandikwa "Mfumo B" basi. Ofisi nzima hakuna anayejua Mfumo B ni mdudu gani. Seva mbili zilizochorwa zilishazimwa zamani, na huduma ya kutuma SMS tunayoitegemea kila siku haimo kabisa.

Faili lenyewe la kuhariri lilikuwa kwenye laptop ya jamaa aliyeacha kazi. Laptop ilifutwa, ikapewa mwingine.

Juzi malipo yalikwama, nikaufungua ule mchoro kwa moyo safi. Saa mbili zikapotea nikifuata mshale unaokwenda kwenye seva marehemu.

Sasa nadai hivi: michoro kwenye nyaraka za programu ni mapambo ya kumfurahisha anayelipa. Mwenye ushahidi tofauti aulete.

#2 Ngogwe

Natia nanga hapa. Kahawa ipo, kashata ipo.

#3 FundiSeva_Ubungo

Mleta uzi, unaulaumu mchoro wakati kosa ni la namna ulivyochorwa. Picha haihaririki. Chora kwa maandishi: Mermaid, PlantUML, chagua mwenyewe. Unaandika mistari michache, programu inakupangia visanduku na mishale. Faili linakaa hapo hapo na msimbo, kwa hiyo anayebadilisha mfumo anabadilisha na mchoro kwenye ombi lile lile la kuunganisha msimbo, na anayehakiki anaona mstari gani umeguswa. Picha ya PNG kwenye Git, ile programu ya kutunza historia ya msimbo, itakwambia tu kwamba faili limebadilika, nini kimebadilika utajua mwenyewe.

GitHub, pale watu wanapohifadhi msimbo mtandaoni, inaonyesha Mermaid moja kwa moja tangu 2020, hamna cha kusakinisha. Watu wavivu tu.

#4 MzeeWaTepu

#3, ni Februari 2022, siyo 2020. Mermaid yenyewe ilianza 2014, PlantUML ni kaka yake wa 2009. Na kabla ya wote hao kulikuwa na Graphviz kutoka maabara za AT&T kule Marekani, ambayo PlantUML mpaka leo huitegemea kupanga baadhi ya michoro. Kwa hiyo hili la kuchora kwa maandishi si wazo la vijana wa juzi.

Halafu tusidanganyane. Nimekuta faili za Mermaid zilizokaa ndani ya repo (hifadhi ya msimbo) pembeni kabisa ya msimbo, na zimeoza vile vile. Kuweka ufagio mlangoni si kufagia.

#5 FundiSeva_Ubungo

Shikamoo mzee. Tarehe nakubali, hiyo ya ufagio nitarudi nayo.

#6 DadaMchambuzi

Mimi niko upande wa mleta uzi, ila sababu yangu ni nyingine. Nimeandika nyaraka za tenda miaka sita. Mchoro wa usanifu ni kitu kinachodaiwa kwenye mkataba: ukiukabidhi, malipo ya awamu yanatoka. Ukishapigwa muhuri unaingia kwenye boksi faili na hapo ndio kaburi lake. Sasa mtu anayechora ili alipwe atachora vingi, maana vingi vinaonekana kazi kubwa. Hivyo visanduku 31 sivishangai hata kidogo.

Kuna kazi moja nilipaka rangi vizuri kabisa: nyekundu kwa mifumo ya nje, kijani kwa yetu, na ufunguo wa rangi chini. Nikaenda steshenari pale Posta kutoa nakala nne, foleni ndefu, muda wa kuwasilisha unakwisha saa sita. Kijana akatoa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zote zikawa kijivu kimoja. Nikawasilisha mchoro wenye ufunguo unaosema "kijivu ni nje, kijivu ni ndani".

#7 Ngogwe

Na mkapita?

#8 DadaMchambuzi

Tulipita. Ndiyo ujue kama kuna aliyeusoma.

#9 Kimbo_la_Jumapili

#8 nimecheka peke yangu ndani ya mwendokasi, watu wananiangalia.

#10 MlipajiMkuu

Niongeze kesi ambayo mchoro ulisomwa, na kusomwa kwenyewe ndiko kulikotuponza.

Tulikuwa tunaunganisha duka la mtandaoni na kampuni ya katikati inayopokea malipo ya simu. Mchoro ulikuwa msafi, ukurasa mmoja, visanduku vitano. Kati ya wao na sisi kulikuwa na mshale mmoja unaotoka kwao kuja kwetu, umeandikwa "hali ya muamala". Sisi tukaelewa: wao watatuletea taarifa malipo yakikamilika. Wao wakaelewa: taarifa zinatoka kwao, sisi ndio tunakwenda kuziuliza. Mshale ni ule ule! Sisi tunausoma kama "nani anampigia nani", wao wanausoma kama "data inaelekea wapi".

Tukawasha Ijumaa jioni. Pesa za wateja zinakatwa, oda zinabaki "inasubiri". Sisi tunawangoja wao, wao wanatungoja sisi. Mpaka Jumatatu asubuhi watu walishalipa mara mbili mbili, maana mteja akiona "inasubiri" anabonyeza tena. Kurudisha zile pesa kulichukua wiki mbili na matusi mengi kwenye simu.

Tangu hapo sichori mshale bila kitenzi. Siandiki "hali ya muamala". Naandika "duka linauliza hali kila sekunde 30" au "wao wanatuma taarifa kwa POST". Na chini ya mchoro: mshale unaanzia kwa anayeita. Sentensi moja tu hiyo.

#11 Kontena_la_Kurasini

#10 umepiga penyewe. Ndicho anachokisisitiza Simon Brown kwenye C4, utaratibu wake wa kuchora usanifu wa programu: kila mstari uwe na maelezo, kila mchoro uwe na ufunguo. Yeye anagawa ngazi nne. Ya kwanza ni mfumo wako kama kisanduku kimoja na watu na mifumo inayouzunguka. Ya pili unaingia ndani unaona programu na hifadhidata. Ya tatu ni vipande vya kila programu, ya nne ni msimbo wenyewe, na hiyo ya nne hata yeye anashauri usihangaike kuichora kwa mkono.

Mleta uzi, visanduku vyako 31 ni ngazi tatu zimepikwa sufuria moja.

#12 Kimbo_la_Jumapili

Ngazi ya pili si ndio wanaiita "kontena"? Kama Docker?

#13 Kontena_la_Kurasini

Jina hilo limewachanganya wengi. Kontena la C4 ni kitu chochote kinachoendeshwa au kinachotunza data: programu ya simu, API (mlango ambao programu nyingine zinapitia kuongea na mfumo wako), hifadhidata. Si la Docker, lile la kufungashia programu. Wala si la bandarini, kabla hujauliza kuhusu jina langu.

#14 MwakaWaTatu

Mimi nasoma bado, naomba nisipigwe mawe. Chuoni tunafundishwa UML, lugha sanifu ya kuchora mifumo ya programu, na tunapewa maksi kwa kila aina ya mchoro. Ukweli ni kwamba kwenye mradi wa mwisho kila mtu anaandika programu kwanza, halafu wiki ya kuwasilisha ndio anachora "usanifu" wa kitu ambacho kishajengwa. Rafiki yangu alitumia programu inayosoma msimbo na kutoa mchoro wa klasi wenyewe. Ulitoka mkubwa kama shuka la kitanda, akapata A.

Nadhani tatizo lilianzia kwa Microsoft walipoleta hiyo UML.

#15 MzeeWaTepu

Dogo, Microsoft waliinunua Visio mwaka 2000, labda ndiyo unayoifikiria. UML ilitoka kwa Booch, Rumbaugh na Jacobson wakiwa kampuni ya Rational, na OMG, shirika la viwango, wakaipitisha kama kiwango 1997. Mchoro wa mahusiano ya data una umri mkubwa zaidi, Peter Chen aliuandika 1976.

Mchoro uliotolewa na mashine ni wa kweli lakini haujachagua chochote. Ndugu yangu mmoja akikuelekeza kwao Mbagala hakutajii kila nguzo ya umeme njiani.

#16 MwakaWaTatu

Asante mzee. Ila A ilitoka.

#17 Fundi_Umeme_Tabata

Samahani, mimi si mtu wa kompyuta, nimefuata kichwa cha habari. Nafunga umeme majumbani. Kila nyumba nikimaliza nachora kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kifuniko cha boksi la swichi: hii ya sebuleni, hii ya pampu ya kisima, hii ya jiko. Mstari, namba, basi. Nimeshaitwa kwenye nyumba niliyoifunga miaka minane nyuma, mwenye nyumba mwingine kabisa, nikafungua kifuniko nikaukuta mwandiko wangu na chini yake mwandiko wa fundi mwingine ameongeza geti la umeme.

Yule fundi simjui. Hakuongeza kwa sababu ya adabu. Ameongeza kwa sababu alikuwa ameshika kalamu na kifuniko kiko mbele ya pua yake. Karatasi ile rasmi yenye mihuri sijui iliko.

#18 FundiSeva_Ubungo

#17 asante kaka! Mzee wa #4 asome hapa. Kifuniko ndio repo, kalamu ndio Mermaid.

#19 MzeeWaTepu

Nimesoma. Nyaya za Tabata hazihami kila Ijumaa jioni.

#20 RamaniZaJiji

Hapo kwenye kuchagua cha kuchora: mwangalieni Harry Beck, aliyechora ramani ya treni za chini London 1933. Alikuwa mchoraji wa mambo ya uhandisi, akatupa jiografia, akaacha mistari iliyonyooka na vituo. Abiria hahitaji kujua barabara inapinda wapi, anataka kujua anabadilishia wapi. Mwendokasi ni vile vile, mtu wa Kimara anayetaka kushuka Gerezani anataka kujua abaki kwenye basi lake au abadilishe, kona ya Manzese haimhusu.

#21 Kimbo_la_Jumapili

Niko Magomeni muda huu, kona inanihusu, nimesimama mguu mmoja.

#22 KaziYaUsiku

#20 kidogo tu: aliichora 1931, wakaikataa kwanza, iliyotoka kwa umma ndiyo ya 1933. Mengine sawa.

#23 SikioLangu

Mimi sioni, natumia kisoma-skrini, na ni programa kama ninyi. Niwaambie mchoro wenu kwangu ukoje. Nafika ukurasa wa usanifu, sauti inasema: "picha, untitled diagram tisa nukta png". Halafu inaendelea na aya inayofuata: "Kama inavyoonekana hapo juu…"

Hapo juu hakuna kinachoonekana. Siombi mniandikie kitabu. Sentensi tatu za maelezo mbadala zinatosha: oda inatoka dukani kwenda kwenye API, API inaandika kwenye foleni, foleni inasomwa na huduma ya malipo. Na hili la kuchora kwa maandishi linanisaidia zaidi ya rangi zenu zote, maana faili la Mermaid nalisoma lenyewe, mstari kwa mstari, bila picha. Ina hata mahali pa kuweka kichwa na maelezo kwa ajili yetu: accTitle na accDescr. Sijakutana na mtu aliyevijaza.

#24 DadaMchambuzi

#23 nimekusikia. Nina "kama inavyoonekana hapo juu" zisizopungua kumi kwenye nyaraka nilizokabidhi mwezi huu. Naanza nazo kesho.

#25 KaziYaUsiku

Kabla hamjakimbilia wote kwenye maandishi, angalieni mnachorea wapi. Ofisi moja niliyopita, kijana alikuwa anachora mtandao wao wa ndani kwenye seva ya PlantUML ya umma, halafu anabandika linki kwenye kila barua pepe. Ile linki ndefu yenye herufi za ajabu ndiyo mchoro wenyewe. Maelezo yote yamebanwa na kuwekwa ndani ya anwani. Kubanwa si kufichwa, yeyote mwenye linki anaifungua na kusoma majina ya seva na anwani za ndani moja moja. Na kila ukiufungua, maelezo yanapita kwenye mashine ya watu wengine.

Dawa yake rahisi: PlantUML inaendeshwa na Java kwenye mashine yako, au mnasimamisha seva yenu.

#26 FundiSeva_Ubungo

Mermaid haina shida hiyo, inachorwa na kivinjari chako.

#27 KaziYaUsiku

Nusu kweli. Kwenye mhariri wao wa mtandaoni mchoro unakaa kwenye linki baada ya alama ya reli (#), sehemu ambayo kivinjari hakiipeleki kwa seva. Lakini ukimtumia mtu linki umemtumia mchoro. Ukiiweka kwenye grupu la watu 200, shauri yako.

#28 Ngogwe

Mimi Mermaid imenishinda jana tu. Nimeandika hivi:

malipo---ombi

Inanichorea mstari wenye kiduara mwishoni na kisanduku kinachoitwa "mbi". Kompyuta gani haijui Kiswahili kiasi hiki.

#29 Kontena_la_Kurasini

Hahaha. Herufi o au x ikigusa ule mstari, yenyewe inaelewa unataka ncha ya duara au ya msalaba. Weka nafasi kabla ya "ombi" au anza kwa herufi kubwa. Wazungu wanapatwa zaidi na neno "end" kwa herufi ndogo, linaua mchoro mzima. Sisi tunaandika "mwisho", tunapita salama. Kiswahili kimekuokoa huku kikakuponza kule.

#30 Ngogwe

Imekubali. Mbi pumzika kwa amani.

#31 GulioOnline

Mnaotukana picha, draw.io ni ya bure na faili lake linaweza kuhifadhiwa kama SVG au PNG yenye mchoro mzima ndani yake. Msomaji anaona picha ya kawaida, wewe ukiifungua tena kwenye draw.io unaendelea kuhariri. SVG pia ukiikuza haivunjiki, ile aibu ya ukurasa wa 9 isingekuwepo. PNG wekeni mandhari nyeupe, maana mistari myeusi isiyo na mandhari kwa anayesoma kwenye hali ya giza inakuwa paka mweusi usiku.

Onyo kwa wana Dar: mkitumiana hiyo PNG kwa WhatsApp kama picha, inabanwa upya na mchoro uliokuwa ndani unapotea. Tumeni kama hati. Nimepoteza kazi ya siku mbili hivyo, na bosi ananiuliza "si nilikutumia kwenye grupu?"

#32 MamaWaMfumo

Nimesoma wote, nampinga mleta uzi kwa kesi moja.

Tulimtengenezea mfanyabiashara wa Kariakoo mfumo wa stoo. Kurasa za maelezo alikuwa anasaini bila kusoma. Siku moja nikamchorea mbele yake, kwenye karatasi ya risiti, kwa Kiswahili: mzigo unaingia stoo, unahesabiwa, unakwenda dukani, unauzwa. Hakuna "inventory", hakuna "dispatch". Akaweka kikombe chini, akachukua kalamu yangu, akachora mshale wa kurudi kutoka dukani kwenda stoo. "Na mzigo wanaonirudishia? Wateja wa mikoani wanarudisha kila wiki." Kwenye nyaraka zetu zote hakuna mahali tulipoandika mzigo unarudi. Mshale ule ulitugharimu majedwali mawili na kama mwezi wa kazi, lakini tungeugundua baada ya kuwasha ingekuwa kilio.

Kwa hiyo sababu yangu mimi ni lugha. Tunaongea Kiswahili ofisini, tunagombana kwa Kiswahili, halafu tunachora kwa Kiingereza. Anayejua kazi hawezi kutusahihisha.

#33 Kontena_la_Kurasini

Sawa kwa mteja. Lakini majina yakiwa "stoo" kwenye mchoro na "warehouse" kwenye msimbo, mgeni atatafutaje?

#34 MamaWaMfumo

Tunaandika yote mawili kwenye kisanduku, Kiswahili juu, jina la kwenye msimbo chini. Kisanduku kikubwa kidogo, hakijaua mtu.

#35 KaziYaUsiku

Mchoro uliotumika kuliko yote niliyowahi kuona ulikuwa kwenye ubao mweupe, kona moja imeandikwa USIFUTE. Ulikaa mwaka mzima na zaidi. Kila mtu alikuwa akinyanyuka kwenda kuuonyesha kidole. Siku ofisi ilipopakwa rangi mafundi waliufuta, na ndani ya wiki tukaanza kubishana vitu ambavyo tulikuwa tumekubaliana. Hakuna aliyekuwa na picha yake hata kwenye simu.

#36 MzeeWaTepu

Ubao hauna Git, hauna SVG, na ulisomwa. Fikirieni hilo vijana.

#37 FundiSeva_Ubungo

Na ulipotea, mzee. Fikiria hilo na wewe.

#38 MtuWaMakumbusho

Nimerudi wakuu. Ushahidi wa #32 nimeukubali nusu, maana mchoro wake ulisomwa ukiwa kwenye risiti, siyo kwenye nyaraka.

Nimejaribu kitu kimoja kutokana na #10. Leo nimewauliza watu watatu ofisini mshale kati ya API yetu na foleni unamaanisha nini. Majibu matatu. Mmoja wao ndiye aliyeandika ile foleni.

Halafu Mfumo B nimeupata. Kwa bahati tu, nilipeleka ule ukurasa wa 9 uhasibu kuuliza habari za ripoti. Dada wa kule akautazama akasema, "Si mimi huyu?" Kila Ijumaa mchana anapakua miamala, anaibandika kwenye Excel yake, anaondoa iliyojirudia kwa macho, halafu anaipandisha upya kwenye mfumo. Miaka minne sasa. Malipo ya juzi yalikwama kwa sababu Ijumaa ile alikuwa msibani Tanga.

#39 DadaMchambuzi

Subiri. Kwenye mchoro alichorwaje? Kama mtu?

#40 MtuWaMakumbusho

Kama silinda ya hifadhidata.

#41 MzeeWaTepu

Aliyechora hakukosea sana.

#42 SikioLangu

Na nyie wote mlikuwa mnauona.

#43 Ngogwe

Mleta uzi, huyo dada likizo yake ni lini?

#44 MtuWaMakumbusho

Desemba. Nimeshamwomba kesho nikae naye saa moja, nina karatasi na kalamu. Kama kuna anayejua namna nzuri ya kumchora binadamu kwenye PlantUML aniambie.